Alan Page: Mwanakandanda aliyevua jezi akavaa joho la jaji

MAPEMA katika miaka ya 1960, kijana mmoja wa shule ya upili mjini Canton, jimbo la Ohio nchini Marekani, alipata kibarua miongoni mwa wafanyakazi waliokuwa wakijenga jumba la kuhifadhi kumbukumbu za magwiji wa kandanda ya Kimarekani. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1963, mwaka uo huo ambao kijana huyo alikamilisha masomo yake ya sekondari.

Miaka 25 baadaye, mnamo Julai 1988, alirejea mahali pale. Safari hii hakuja kutafuta ujira wa siku. Alikuja kuingizwa rasmi katika orodha ya wachezaji wanaoenziwa humo daima, na sanamu ya kichwa chake ikawekwa ndani ya jumba ambalo jasho lake lilikuwa limechangia kulisimamisha.

Mtu huyo ni Alan Cedric Page. Kwa mashabiki wa mchezo huo, ni mmoja wa walinzi hodari zaidi waliowahi kuteremka uwanjani. Kwa wakazi wa jimbo la Minnesota, ni jaji aliyeketi katika Mahakama ya Juu ya jimbo lao kwa zaidi ya miaka 22, Mwamerika Mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Wachezaji wengi wa michezo ya kulipwa hutamba wakiwa na umri wa miaka 25, wakasahaulika kabla ya kufika 40. Maisha ya Page yanafuata mkondo tofauti. Yeye mwenyewe amekuwa akisisitiza kwa miaka mingi kwamba yale aliyoyafanya uwanjani si sehemu kubwa zaidi ya maisha yake.

Utoto katika mji wa chuma

Page alizaliwa mnamo Agosti 7, 1945 mjini Canton. Wakati huo mji huo ulitegemea viwanda vya chuma, na wanaume wengi weusi waliingia humo mara tu walipoacha shule. Kazi ilikuwa ya joto kali, ya hatari, na ya kurudia jambo lile lile kila siku hadi mtu alipozeeka.

Kijana Page aliwaona watu wa ukoo wake na majirani wakipitia maisha hayo, akaamua mapema kwamba yeye hangeyafuata. Wazazi wake nao walisisitiza elimu nyumbani. Mama yake aliaga dunia Page akiwa na umri wa miaka 13.

Kabla ya kuugusa mpira, tayari alikuwa amevutiwa na sheria. Mnamo Mei 1954, alipokuwa bado hajatimiza miaka tisa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenganisha watoto katika shule za umma kwa misingi ya rangi ya ngozi ni kinyume cha Katiba. Page amesimulia mara kadhaa jinsi uamuzi huo ulivyomfunza kwamba sheria ina nguvu ya kubadilisha maisha ya mtu wa kawaida.

Hata hivyo, mwili wake ulikua haraka na kandanda ikamfungulia milango. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Notre Dame katika jimbo la Indiana, taasisi ya Kikatoliki yenye sifa kubwa katika mchezo huo. Mnamo 1966, timu ya chuo hicho ilimaliza msimu bila kushindwa hata mara moja, ikatoka sare mechi moja tu, na kutawazwa bingwa wa kitaifa wa vyuo. Mwaka uliofuata, Page alihitimu kwa shahada ya sayansi ya siasa.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji aliyezoea soka, kandanda ya Kimarekani inahitaji maelezo kidogo. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele umbali wa yadi 10, yaani mita tisa na ushei. Ikifaulu, hupewa nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Nahodha wa mashambulizi ni kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira kila nafasi inapoanza na kuamua iwapo ataurusha au atamkabidhi mwenzake akimbie nao. Mbele yake husimama ukuta wa wanaume wazito ambao kazi yao ni kumkinga.

Kazi ya Page ilikuwa kuuvunja ukuta huo. Alicheza katikati ya safu ya mbele ya ulinzi, mahali ambapo kwa desturi makocha huwapanga majabali wa kuziba njia kwa uzito wao. Page alikuwa mwepesi kuliko wengi wa nafasi hiyo, akiwa na takriban kilo 111, lakini alikuwa na kasi iliyowashangaza wapinzani. Mara nyingi alikuwa amekwisha kumpita mtu wa kumzuia kabla mtu huyo hajanyanyuka sawasawa.

Timu ya Minnesota Vikings ilimteua mwaka wa 1967, akiwa wa 15 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Mwaka huo ndio pia kocha Bud Grant alipoanza kuinoa timu hiyo. Page alipewa jezi nambari 88.

Safu ya zambarau

Akishirikiana na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, Page aliunda safu ya ulinzi iliyoogopwa kote nchini. Kwa kuwa jezi za Vikings ni za rangi ya zambarau, mashabiki waliwabandika jina la 'wala watu wa zambarau', kutokana na wimbo wa mzaha uliovuma mnamo 1958.

Takwimu zinathibitisha kwamba halikuwa jina la bure. Katika msimu wa 1969, Vikings walifungwa alama 133 pekee katika mechi 14. Msimu wa 1971 walifungwa alama 139. Katika mchezo ambao timu moja inaweza kufunga alama 30 kwa siku moja, wastani wa alama zisizofika 10 kwa mechi ni jambo la kustaajabisha.

Mwaka huo wa 1971 ndio uliomfikisha Page kileleni. Shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Mchezaji Bora wa Mwaka wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyekuwa amewahi kupewa tuzo hiyo na shirika hilo, ambayo kwa kawaida huwaendea makwotabeki na wakimbiaji wanaofunga alama. Katika zaidi ya miaka 50 iliyofuata, ni mlinzi mmoja tu mwingine aliyeipata, naye ni Lawrence Taylor wa New York Giants mnamo 1986.

Mojawapo ya mechi zinazokumbukwa ni ile ya Desemba 1971 dhidi ya Detroit Lions. Waamuzi walimwadhibu Page kwa makosa mfululizo ambayo aliona hakuyafanya. Badala ya kuwafokea, alianza kupenya ngome ya wapinzani nafasi baada ya nafasi, akiwaangusha waliokuwa na mpira nyuma ya mstari wao wenyewe, kana kwamba hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Tangu 1968 hadi 1976, aliteuliwa kila mwaka kushiriki mechi ya nyota wa ligi. Hesabu za kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira hazikuwekwa rasmi hadi 1982, mwaka mmoja baada ya Page kustaafu. Hata hivyo, waliorejea kumbukumbu za mechi zake wanakadiria kwamba alifanya hivyo zaidi ya mara 140, idadi ambayo wachezaji wachache sana wa nafasi yake wamewahi kuikaribia.

Fainali nne, kilio kile kile

Jambo moja halikumwendea vyema. Vikings walifika fainali kuu ya ligi, maarufu kama Super Bowl, mara nne wakati Page alipokuwa nao, na mara zote nne wakalazwa.

Mnamo Januari 1970 walishindwa na Kansas City Chiefs kwa alama 23-7 jijini New Orleans. Januari 1974 Miami Dolphins wakawalaza 24-7 jijini Houston. Mwaka uliofuata, Pittsburgh Steelers waliwashinda 16-6, tena New Orleans. Hatimaye, Januari 1977, Oakland Raiders wakawabwaga 32-14 mjini Pasadena, California.

Wapo wachezaji waliobeba machungu ya kushindwa namna hiyo hadi kaburini. Page hakuwa mmoja wao. Kufikia fainali hiyo ya nne, tayari alikuwa mwanafunzi wa sheria, na fikira zake zilikuwa zimeanza kuhama uwanjani.

Mtetezi wa wachezaji

Hamu ya sheria ilijitokeza kwanza katika chama cha wachezaji. Kuanzia 1970, Page aliwawakilisha wenzake wa Vikings katika chama hicho, na baadaye akaingia katika kamati yake kuu.

Enzi hizo mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru kamwe. Kulikuwa na kanuni iliyopewa jina la kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Kanuni hiyo iliilazimisha timu iliyomsajili mchezaji kama huyo kuifidia timu yake ya zamani. Ikiwa timu hizo mbili hazingeelewana, kamishna mwenyewe ndiye angeamua fidia ya kulipwa. Kwa kuhofia uamuzi huo, timu chache zilithubutu kumsajili mchezaji wa mwingine, na mishahara ikabaki pale pale wamiliki walipopenda.

Mnamo Julai 1974, wachezaji waligoma wakidai uhuru. Mgomo ulisambaratika mwezi uliofuata bila makubaliano, na ikawabidi warudi kambini mikono mitupu. Walichokikosa kwa mgomo walikipata kortini. Katika kesi iliyopewa jina la John Mackey, aliyewahi kuwa rais wa chama hicho, mahakama ya rufaa iliamua mnamo 1976 kwamba kanuni hiyo ilikiuka sheria za kulinda ushindani wa kibiashara.

Kwa kijana aliyeyatazama mamlaka ya mahakama tangu utotoni, hilo lilikuwa somo jingine. Wanaume wenye misuli kuliko wengine wote nchini walikuwa wameshindwa na wamiliki wa timu, lakini jopo la majaji wachache likawapa walichokitaka.

Vitabu na mbio

Page alikuwa amejaribu kusomea sheria mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika chuo kimoja mjini St Paul, akakata tamaa baada ya majuma machache tu. Mnamo 1975 alijaribu tena, wakati huu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Alihitimu mwaka wa 1978 akiwa bado mchezaji wa kulipwa.

Katika kipindi hicho pia alianza kukimbia. Mkewe, Diane Sims Page, waliyefunga naye ndoa mnamo 1973, alikuwa akijitahidi kuacha sigara, naye mumewe akaungana naye barabarani. Mbio zikamwingia damuni. Alianza kukimbia kilomita nyingi kila juma, na uzani wake ukashuka hadi karibu kilo 100.

Kwa msomaji wa nchi hii, inayojulikana duniani kwa wakimbiaji wembamba, mtu wa kilo 100 kukimbia marathon huenda likaonekana jambo la kuchekesha. Lakini mnamo 1979 Page aliukamilisha mwendo huo wa kilomita 42, akawa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kufanya hivyo akiwa hajastaafu.

Makocha wake hawakufurahishwa. Waliona mlinzi wa safu ya mbele akikonda mwaka baada ya mwaka, wakahofia kwamba angesukumwa kama jani. Mnamo Oktoba 1978, Vikings walimwachilia. Mchezaji Bora wa Mwaka wa 1971 akachukuliwa na Chicago Bears kwa ada ya dola 100 pekee, kiasi kilichotozwa kwa mchezaji yeyote aliyeachwa na timu yake.

Huko Chicago alimkuta kocha mkuu Neill Armstrong, ambaye hapo awali alikuwa msimamizi wa ulinzi wa Vikings na aliyemfahamu vyema. Page aliendelea kucheza hadi mwisho wa msimu wa 1981, na wembamba wake haukuwazuia makwotabeki kuangushwa. Katika miaka yake 15 ya kulipwa, hakukosa mechi hata moja.

Hotuba iliyowashangaza wengi

Wakati alipokuwa akicheza Chicago, Page tayari alikuwa ameajiriwa na kampuni ya mawakili jijini Minneapolis. Mnamo 1985 alijiunga na afisi ya mwanasheria mkuu wa Minnesota, akahudumu humo hadi alipoingia mahakamani kama jaji.

Kisha ikaja siku ile ya Julai 1988 mjini Canton. Kwa desturi, mchezaji anayeingizwa katika jumba la magwiji hutambulishwa na kocha wake wa zamani au mchezaji mwenzake. Page alimchagua Willarene Beasley, mwanamke mweusi aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili jijini Minneapolis.

Katika hotuba yake, hakukawia kwenye sifa za uwanjani. Alizungumzia elimu, hasa ya watoto weusi na wa jamii nyingine zilizoachwa nyuma, na juu ya wanariadha wanaosukumwa kutoka darasa moja hadi jingine kwa sababu tu wanajua kucheza.

Halikuwa jambo la kuambiwa. Page amewahi kusimulia kuhusu mkutano wa walinzi wa timu yake ambapo kila mmoja alitakiwa kusoma kwa sauti ukurasa kutoka kwa kitabu cha mbinu. Baadhi yao walisoma kwa kusitasita, na wengine hawakuweza kabisa. Walikuwa watu wazima waliopitia shule ya upili na chuo kikuu. Page aling'amua kwamba wenzake hao hawakuwa wajinga. Kuna walimu walioacha kuwafunza mara tu walipogundua kipaji chao cha mpira, na baada ya mpira kuisha, hakuna aliyejali watakula nini.

Katika mwaka huo wa 1988, yeye na mkewe walianzisha wakfu wa elimu unaotumia jina lao. Wakfu huo huwapa wanafunzi wa Minnesota kutoka jamii zisizo za wazungu msaada wa karo ya chuo, lakini kwa sharti moja. Kila anayefadhiliwa lazima atenge angalau saa 50 kwa mwaka kuwasaidia watoto wadogo katika masomo yao.

Sharti hilo ndilo linaloutofautisha na mifuko mingine ya basari. Mtoto wa darasa la tatu anayesaidiwa kusoma na kijana wa chuo kutoka mtaa wake mwenyewe hupata zaidi ya hesabu na sarufi. Huona kwa macho yake kwamba chuo ni mahali ambapo watu kama yeye huenda. Maelfu ya wanafunzi wamepitia mpango huo tangu uanzishwe.

Alishtaki ili apigiwe kura

Minnesota huwachagua majaji wake kwa kura, kwa muhula wa miaka sita. Ndivyo Katiba ya jimbo inavyosema. Lakini kwa muda mrefu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Majaji wengi wa Mahakama ya Juu walijiuzulu kabla muhula wao haujaisha, gavana akawateua warithi wao, na warithi hao wakaingia katika uchaguzi uliofuata tayari wakiwa wamekalia kiti. Mwanasheria wa nje asiyekuwa na mlezi katika afisi ya gavana alikuwa na matumaini madogo.

Mnamo 1992, Page alitaka kuwania kiti kilichotarajiwa kuwa wazi. Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekikalia, akitumia sheria iliyoruhusu hivyo ili jaji afikishe muda wa kupata malipo ya uzeeni. Kwa hatua hiyo, uchaguzi wa kiti hicho haungefanyika.

Page alikwenda kortini. Kwa kuwa majaji wa Mahakama ya Juu hawangeweza kuamua kesi iliyomhusu mwenzao, jopo la majaji wengine liliteuliwa kuisikiliza. Liliamua kwamba wapiga kura hawangeweza kunyimwa haki yao namna hiyo, na uchaguzi ukaagizwa uendelee. Mnamo Novemba mwaka huo, wananchi walimchagua Page, na Januari 1993 akaapishwa.

Kuna waliodai kwamba alichaguliwa kwa sababu ya jina alilolipata uwanjani. Hapana shaka kwamba jina hilo lilimsaidia. Lakini alirudi kwa wapiga kura mnamo 1998, 2004 na 2010, na kila mara alishinda. Kufikia wakati huo walikuwepo wapiga kura ambao hawakuwa wamezaliwa alipovua jezi.

Miaka 22 kortini

Mahakama hiyo ina majaji saba, nao husikiliza rufaa za mwisho katika kesi za jimbo. Si mahali pa kelele. Kazi kubwa hufanyika faraghani, kwa kusoma majalada, kuandika rasimu na kubishana na wenzako kuhusu maana ya aya moja.

Jaji Page, ambaye alizoeleka kwa tai yake ya kipepeo, hakuwa mtu wa kutumia umaarufu wake mahakamani. Alijulikana pia kwa kutoogopa kuandika maoni ya kupinga wengi, hasa alipohisi kwamba haki za mshtakiwa zimepuuzwa au kwamba ubaguzi wa rangi umejipenyeza katika utaratibu wa kesi.

Nje ya mahakama alibaki mtu wa watu. Kila mwaka mashindano ya marathon ya Minneapolis na St Paul yalipopita karibu na nyumba yake, alisimama kando ya barabara akiwapigia wakimbiaji tarumbeta kubwa la shaba.

Sheria za Minnesota humlazimu jaji kustaafu akifikisha umri wa miaka 70. Mnamo Agosti 2015, Page alitimiza umri huo, akaondoka mwishoni mwa mwezi.

Baada ya kustaafu

Uzee wa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani mara nyingi huwa wa mateso. Mike Webster, nyota wa Pittsburgh Steelers, alifariki mnamo 2002 akiwa na umri wa miaka 50, na uchunguzi uliofanywa na daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ulifichua madhara ya kugongwa kichwa mara nyingi. Tangu hapo, ubongo wa wachezaji wengi waliofariki umepatikana na ugonjwa kama huo.

Page ni miongoni mwa waliobahatika. Alama inayoonekana wazi mwilini mwake ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichoteguliwa mara kadhaa uwanjani hadi kikapinda kuelekea nje. Watoto wa shule alizotembelea walikuwa wakiuliza juu ya kidole hicho kuliko walivyouliza juu ya tuzo zake. Mnamo 2013, yeye na bintiye Kamie, ambaye ni mwalimu, walikiandikia kitabu cha watoto.

Pamoja na mkewe, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi vitu vya kale kuhusu maisha ya watu weusi nchini Marekani. Miongoni mwavyo ni zana za enzi ya utumwa, mabango yaliyotenga sehemu za wazungu na za weusi, pamoja na kitambaa cha maombolezo ya Rais Abraham Lincoln, aliyeuawa mnamo 1865. Mapema mwaka wa 2018, vitu hivyo vilionyeshwa kwa umma katika maktaba kuu ya Minneapolis, wakati ambapo fainali ya Super Bowl ilikuwa ikiandaliwa jijini humo.

Mwaka huo ulimletea huzuni na heshima kwa pamoja. Mnamo Septemba 29, Diane aliaga dunia baada ya kuugua saratani. Majuma saba baadaye, mnamo Novemba 16, Page alitunukiwa katika Ikulu ya White House Nishani ya Uhuru ya Rais, ambayo ni heshima ya juu zaidi kwa raia wa Marekani.

Hakuacha kupigania elimu. Mnamo Januari 2020, akiwa na Neel Kashkari, rais wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Minneapolis, alipendekeza Katiba ya Minnesota ifanyiwe marekebisho. Katiba hiyo ya 1857 inalitwika bunge la jimbo wajibu wa kuanzisha mfumo wa shule za umma. Page na Kashkari walitaka isomeke kwamba elimu bora ni haki ya kimsingi ya kila mtoto. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mtoto aliyenyimwa haki anaweza kwenda kortini kuidai.

Pendekezo hilo lilizua mjadala mkali. Chama cha walimu cha jimbo kililipinga, kikihofia kwamba lingefungua mlango wa fedha za umma kupelekwa katika shule za kibinafsi. Miaka kadhaa baadaye, lilikuwa bado halijafikishwa kwa wapiga kura.

Shule yenye jina lake

Huenda heshima inayomgusa Page kuliko zote si ya Canton wala ya Ikulu. Kusini mwa jiji la Minneapolis kulikuwa na shule ya kiwango cha kati iliyoitwa Ramsey, kwa heshima ya Alexander Ramsey, gavana wa zamani wa jimbo. Wanafunzi waliposoma historia, waligundua kwamba mnamo 1862 gavana huyo alitaka wenyeji wa jamii ya Dakota waangamizwe au wafukuzwe kutoka Minnesota.

Wanafunzi walianzisha kampeni ya kutaka jina hilo libadilishwe. Mnamo 2017, shule hiyo ikaitwa rasmi Justice Page.

Neno 'justice' katika lugha ya Kiingereza lina maana mbili. Ni cheo cha jaji wa mahakama ya juu, na pia ni haki yenyewe. Watoto wanaosoma humo walizaliwa miaka mingi baada ya jezi nambari 88 kutundikwa, na wengi wao hawajawahi kumwona Page akicheza. Wanamfahamu kama mzee mrefu mwenye kidole kilichopinda, ambaye huja shuleni kuzungumza nao na kuwauliza wanasoma nini.